Penisilini Maana Yake Peni

Jumatatu, 3 Juni
Hapana, siogopi sindano. Ndivyo nilivyomjibu mke wangu. Sindano ndiyo inaniogopa mimi! Nilikanyaga msumari nikigongea rafu kibandani kwangu. Sasa kidole gumba cha mguu kimevimba kama kiazi, na nesi wa zahanati kaniandikia sindano za penisilini. Nikamwambia mwili wangu unaikataa. Akauliza ikiingia inanifanya nini. Nikasema, "Nakimbia."
Hakucheka. Akasema nikizidi kuchelewa kidole kitakatwa. Nikakimbia kweli, kwa mguu mmoja.

Jumanne, 4 Juni
Akili ni mali! Nimelichambua jina lenyewe. Peni-silini. Peni! Kumbe dawa ni wino, sindano ni mbwembwe za hospitali. Nimekipaka kidole wino wa bluu mpaka kwenye kucha. Shemeji yangu kinyozi, mbishi kama mbuzi, akauliza: na hiyo "lini" ya mwishoni, ndiyo siku ya kukatwa? Wivu tu. Mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 5 Juni
Homa. Hata kandambili haiingii. Mke wangu kanuna, haongei, na huyo akinyamaza ujue kaogopa. Shemeji kanibeba mgongoni hadi zahanati, njia nzima ananiita Daftari. Nesi akauliza nani kakisahihisha kidole. Nikalala kifudifudi. Nikapiga yowe, kumbe ilikuwa pamba.
Sindano yenyewe hata sikuisikia vizuri, nilikuwa bado nalilia pamba.
Baadaye nesi akanieleza taratibu, kama mtoto. Dawa ilitoka kwenye ukungu, ndugu yake ule unaoota kwenye mkate uliolala. Ukiutazama kwa hadubini una vinywele kama brashi. Na Kilatini, lugha ya wasomi wa kale, ndicho kilichotoa jina: brashi ndogo.
"Brashi, baba," akasema. "Peni haimo."

Jumamosi, 8 Juni
Uvimbe umeshuka! Kidole kipo. Nimekitikisa, nacho kikatikisika. Mke wangu kalia, halafu kanitukana mpaka majirani wakazima redio. Hapo ndipo nikajua nimepona. Shemeji kaninyoa bure. Makalio yanauma, lakini moyo mweupe.
Nimekaa nikawaza. Kumbe siri yote ni brashi! Nimeshachukua boksi zima la brashi za viatu kwa fundi. Sasa wewe unayesoma shajara ya mwenzio kwa siri, tuelewane. Wewe lete kidonda, mimi naleta brashi. Faida nusu kwa nusu.