Konyeza Weupe Pe

Jumatatu, 3 Juni
Mkurugenzi katangaza: mwisho wa mwezi atateua msimamizi wa ukumbi wetu wa viumbe wa baharini. Tunaogombea ni wawili tu, mimi na mwenzangu ninayemwita Mjuaji. Lazima nikipate cheo hicho, maana mama mkwe nilishamwambia ninacho tangu mwaka jana. Na siku hiyohiyo anakuja kuniona kazini! Mke wangu kasema uongo ni wangu, yeye nisimwingize.

Nimezunguka ukumbi mzima nikitafuta la kumfurahisha mkurugenzi. Nimelipata. Wale konyeza, viumbe laini wenye umbo la mwavuli, walioletwa kutoka ziwa la maji chumvi, lile lililozungukwa na miamba likatengana na bahari. Wamekaa kikahawia kama maji ya kuoshea masufuria. Aibu! Nitawafanya weupe pe.

Jumanne, 4 Juni
Nimebadilisha maji mpaka mgongo unauma. Hawatakati. Nikamchimba Mjuaji kwa ujanja. Akacheka mpaka akashika mbavu. Eti si uchafu, ni mwani mdogo mno unaoishi ndani ya miili yao, unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia. Eti ndiyo maana kule ziwani hushinda wakilifuata jua, na ndiyo maana tangi lao liko chini ya dirisha la paani. Thubutu! Konyeza apikiwe na jani lililo tumboni mwake? Mimi nina mke na shemeji wawili nyumbani, na jana nimelalia chai.

Lakini hebu. Kama rangi ni mwani, na mwani unataka jua, dawa si giza? Kanipa silaha mwenyewe. Ahsante, mwenzangu!

Jumatano, 5 Juni
Mjuaji kaanza likizo, mkewe kajifungua. Mungu ampe mtoto afya, na baba yake asirudi mapema. Nimepanda ngazi, nimefunika dirisha kwa turubai. Mfagizi kauliza kulikoni. Nikamwambia paa linavuja. Akatazama sakafu kavu, akaenda zake. Sijatulia tangu hapo. Naenda, narudi, nachungulia kwa tochi, nakumbuka tochi nayo ni mwanga, nazima.

Ijumaa, 14 Juni
Wanapauka! Nimepiga mluzi siku nzima. Nimejaribu mbele ya kioo namna msimamizi anavyosimama. Mikono nyuma, naona inafaa.

Jumamosi, 22 Juni
Weupe wamekuwa weupe. Ila waliokuwa kama sahani sasa ni kama visosi. Wengine wamelala chini ya tangi, hata kupepea hawapepei. Nimewaongezea chakula, hakisaidii kitu. Nimeogopa, jamani. Wakifa hawa, cheo basi, na kazi yenyewe basi. Niondoe turubai? Watarudi kahawia! Nimepanda ngazi, nimeshuka, nimepanda tena. Mwishowe nimeamua wadogo ndio wanaopendeza.

Jumamosi, 29 Juni
Siku ya uteuzi. Mama mkwe alifika kabla ya wote, na viatu vipya. Mkurugenzi akasimama mbele ya tangi. Mama mkwe akauliza kwa sauti kama wanyama hawa wanalishwa. Nikasema aina hii ndivyo ilivyo.

Mjuaji akaingia, macho mekundu kwa kukesha na kichanga. Akatazama tangi, akatazama juu, akapanda akalivuta turubai. Jua likamwagika. Akasema wamenyimwa jua, mwani umewatoka, na sasa wanakufa njaa. Mkurugenzi akauliza, polepole, ni kazi ya nani.

Nilitaka kusema ya mfagizi. Mama mkwe akaniwahi. Akanishika bega kwa fahari, akamjulisha mkurugenzi kwamba hapa hakifanyiki kitu bila mkwe wake, yeye ndiye msimamizi tangu mwaka jana.

Jumatatu, 1 Julai
Msimamizi ni Mjuaji. Konyeza wameanza kuamka, wanalifuata jua kona hadi kona, wasio na shukrani. Mama mkwe hapokei simu yangu. Mimi nimehamishiwa chumba cha matumbawe, kwa onyo la mwisho: nikiharibu tena, nifungashe virago.

Imeniuma. Nimekaa nikajihoji kwa haki kabisa, na kosa langu nimeliona. Turubai lilikuwa linaonekana.

Sasa matumbawe haya nayo ni ya kahawia, machafu kupita kiasi. Mjuaji anasema nayo yanaishi na mwani. Vizuri sana. Nimeshalikagua dirisha lao. Likipakwa rangi nyeusi kwa nje, mtu aliye chini hawezi kujua.