Picha ya Mama Mkubwa na Swichi ya Lenzi

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkubwa, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, anaumwa. Daktari kasema alazwe Ijumaa. Siku ya kutoka hakuitaja. Mama mkubwa mwenyewe hana wasiwasi. Anataka picha moja tu nzuri, ile itakayowekwa mbele ya watu siku yake ikifika. Nilijikaza nisilie. Mpiga picha wa ukoo ni mimi, hakuna mwingine!

Flashi inamuumiza macho. Nitatumia mwanga wa dirisha la studio yangu, huku ghorofani, kamera iache jicho wazi sekunde nzima. Nimejipanga. Stendi ya miguu mitatu haitikisiki. Lenzi yangu mpya nayo ina swichi ya kutuliza picha ubavuni, kwa ajili ya mikono inayotetemeka. Nikitumia vyote viwili, utulivu mara mbili! Sijui kwa nini wenzangu hawajaliwaza hili.

Jumanne, 4 Machi

Picha kumi na nne. Zote zina ukungu. Katika moja Mama mkubwa ana pua mbili. Nikamwomba atulie. Akajibu kwamba yeye katulia tuli tangu asubuhi, anayehangaika ni mimi.

Jirani tunayemwita Miwani, mwenye studio ng'ambo ya barabara, akapanda ngazi na kuchungulia bila kuitwa. Eti niizime ile swichi. Eti kamera ikiwa juu ya stendi, lenzi inatafuta mtikisiko, na ikiukosa inautengeneza yenyewe. Makubwa! Mtu aliyeninyang'anya wateja wote wa picha za pasipoti, leo anitakie mema? Nikamshukuru kwa adabu, nikafunga mlango. Mke wangu, aliyekuwa akimnywesha Mama mkubwa chai, aliyasikia yote.

Jumatano, 5 Machi

Nimemjua adui: cherehani ya fundi wa chini. Inatikisa sakafu! Nikashuka kumwomba asimamishe kazi saa moja tu. Akauliza kama sare za shule nzima nitazishona mimi. Tukarushiana maneno mbele ya wateja wake. Mwishowe akakubali, kwa heshima ya mgonjwa, si yangu. Alilisema hilo mara mbili.

Nikaning'iniza ndoo ya mchanga chini ya stendi. Nikavua viatu. Nikabana pumzi mpaka nikaona nyota. Ukungu mtupu! Mama mkubwa alikohoa sana, ikabidi tumlaze kwenye kochi. Mkono wake ulikuwa mwepesi mno. Naogopa. Imebaki siku moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu kamleta Mama mkubwa, kamshika mkono ngazi zote. Kabla sijabonyeza, mke wangu akaomba aipanguse lenzi. Akachukua muda wake, vidole vikipapasa ubavuni mwa lenzi. Sikumjali. Nilikuwa naning'iniza ndoo ya pili.

Picha ya kwanza: safi! Kila kunyanzi, kila unywele wa nyusi. Mama mkubwa akaitazama kwenye kioo cha kamera. Kisha akasema huyo ndiye yeye, na sasa anaweza kwenda hospitali. Nililia waziwazi, bila aibu.

Siri ni ndoo mbili. Nilipomweleza mke wangu, alikubali upesi ajabu.

Jumapili, 16 Machi

Tulimzika jana. Picha ilisimama karibu na jeneza. Watu walikuwa wakifika mbele yake wanamsalimia kama yupo. Miwani alinipa pole, akaitazama kwa muda, akaninong'oneza kwamba afadhali niliizima ile swichi. Hata msibani, wivu! Nikamjibu kwa upole kwamba ni ndoo mbili.

Leo nimeitoa kamera kwenye mkoba. Nakuta nini? Swichi imezimwa! Kumbe siku ile nilipiga bila kituliza picha. Nimekaa chini. Kama ilitoka safi vile ikiwa imezimwa, ingewashwa ingekuwaje? Nimempunja mama aliyenilea. Sitajisamehe.

Amebaki mdogo wake, Mama mdogo. Naye kifua kinamsumbua, ameomba picha kama ya dada yake. Anakuja kesho saa nne asubuhi. Nimeiwasha swichi na kuimwagia gundi, isizimike tena maishani.