Waipa Zilizotaka Honi

Leo nimejiaibisha mbele ya wakwe, na sina wa kumlaumu ila mimi.

Mnajua Violet, mke wa mwanangu, alirudi kwao Iguhu wiki iliyopita. Nilisema mbele ya wageni kwamba obusuma wake, yaani ugali, ni uji uliokosa kikombe. (Wageni walicheka. Yeye akafunga nguo zake.) Leo nilikuwa naenda kumwomba arudi. Kwetu, ukiwa na kosa kama hilo, unaingia kwa wakwe kimya, kichwa chini, kama mtu aliyefiwa.

Asubuhi nikakuta waipa za gari langu hazisogei. Gari lenyewe ni la zamani kuliko ndoa yangu. Mke wangu akasema, "Peleka kwa fundi." Nikamwambia fizikia niliisoma mpaka kidato cha nne. Nikajipenyeza chini ya usukani, nikaona waya umekatika, nikauunganisha na mwingine uliokuwa karibu. Nikawasha. Kimya. Nikagonga honi kwa hasira, na waipa zikaruka kulia na kushoto. Nikaachilia honi, zikasimama.

"Zimepona?" mke wangu akauliza.

"Zimepona kiasi."

Jua lilikuwa linawaka, waipa za nini? (Nimezaliwa Kakamega. Najua mvua yetu huja baada ya chakula cha mchana. Tuliondoka baada ya chakula cha mchana.)

Ndugu yangu Wycliffe, msemaji wetu, alikaa kando yangu akijikumbusha maneno ya kuomba radhi. Tulipokaribia Iguhu, mvua ikamwagika. Sikuona hata barabara. Nikabonyeza honi, kioo kikasafika. Nikaachilia, nikawa kipofu tena. Basi nikabonyeza moja kwa moja.

"Punguza kelele. Tunaenda kuomba msamaha," Wycliffe akasema.

"Unataka tuuombe tukiwa mtaroni?"

Shida ni kwamba upande ule, gari likipita likipiga honi mfululizo, watu wanajua fahali wa kupigana analetwa uwanjani. Waliokuwa wamejikinga mvua kwenye baraza za maduka wakatoka mbio na matawi mikononi. Ngoma nayo ikatokea, sijui wapi. Mmoja akainama dirishani.

"Fahali yuko wapi?"

"Hakuna fahali," Wycliffe akamjibu.

Yule akawageukia wenzake. "Wamemficha."

Hapo ndipo wakaongezeka.

Ndivyo nilivyoingia kwa wakwe: honi, ngoma na umati unaorukaruka matopeni. Babake Violet alisimama mlangoni, mikono nyuma. Wycliffe akashuka. "Wakwe zetu, tumekuja kwa unyenyekevu." Ngoma ikaitikia. "Tumekosa." Ngoma tena, safari hii na mbinja.

"Kumbe mnasherehekea mtoto wangu kutoka kwenu," mzee akasema.

Nikamweleza habari ya waya. Hakuamini, ikabidi nimwonyeshe. Nikabonyeza honi, waipa zikacheza, umati ukashangilia. (Mzee hakushangilia.) Kutoka jikoni nikamsikia Violet akicheka mpaka akakohoa. Moyo ukanitulia kidogo. Kisha akachungulia dirishani, akaniambia:

"Baba, kucheka nimecheka. Kusamehe bado. Rudi kesho, na hawa watu wako uwaache nyumbani."

Watu wangu! Simjui hata mmoja.

Kesho naenda kwa miguu. Mkinikuta njiani nimelowa, nisalimieni tu mpite.