Naomba Santuri Zangu Zichomwe

Jumatatu, 3 Machi

Amri imetoka jikoni. Mama mkwe anakuja Jumamosi, na haji kutembea, anakuja kukaa. Atalala chumba cha nyuma. Chumba cha nyuma kinakaliwa na santuri zangu, maboksi hadi usawa wa dirisha. Nikamweleza mke wangu kwa upole kwamba wanaweza kukaa pamoja, santuri hazikoromi. Akasema mama yake naye hakoromi, huwa anaongea tu usingizini, na mara nyingi ananisema mimi.

Mtu wa plastiki chakavu atapita Jumamosi hiyohiyo na mizani yake. Kazi ya ujana wangu wote, kwa kilo.

Niandike historia hapa, maana wajukuu watauliza. Zamani, nilipokuwa na nywele, tulikuwa na bendi ikiitwa Mitungi Sita. Mimi gitaa, utunzi na uongozi. Kinyozi wa mtaa huu, ambaye wakati huo hakuwa kinyozi wa mtu, alipiga ngoma. Wengine wamehama au wametangulia. Tulichukua nyimbo za kwaya tukazitia roki: gitaa linalia kama limekanyagwa mkia, kinanda kinasikika kama kimezama kisimani, kisha akina mama wa kwaya wanaingia na haleluya. Upande wa pili wote ni wimbo mmoja, Yona tumboni mwa samaki. Yona alikaa mle siku tatu. Ukisikiliza utaamini.

Albamu tuliiita Maji Hayajawa Divai. Wasikilizaji walikubaliana na jina. Tulipeleka kanisani, wakasema hii ni ya baa. Tukapeleka baa, wakasema hii ni ya kanisa. Nikapeleka chumba cha nyuma. Kinyozi alikuwa ameshauri tuchape chache kwanza tuone. Mimi nilikuwa nimeshaagiza majalada elfu kabla hatujarekodi hata wimbo mmoja. Mtu mwenye maono hasubiri wimbo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Kichwa chenyewe hakina la kunyoa, lakini nilitaka kumwomba Kinyozi stoo yake. Nilingoja sana kupata pa kukaa. Vijana wamejaa mpaka barazani, wote wanataka kiduku. Nikauliza kulikoni. Kinyozi akasema, Kiongozi (ndivyo anavyoniita, na hajawahi kulitamka bila kucheka), kwani wewe hukuwepo kanisani? Mchungaji alikemea kiduku, akasema ni upanga wa jogoo juu ya kichwa cha muumini. Tangu siku ile Kinyozi hajapata nafasi ya kula mchana.

Nikainuka nusu ya kichwa ikiwa bado na povu. Wazo kama hili halimngoji mtu afutwe.

Mchungaji akemee santuri zangu. Ikiwezekana azichome hadharani, moto mkubwa, watu wapige picha. Boksi moja liungue, mengine yakae stoo kwa Kinyozi kungoja foleni. Kiduku hakina hata kiitikio, na tazama kilipofika.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshtaki.

Nilivaa koti. Mchungaji ni mtu mpole, sauti ya chini, wa kukusikiliza mpaka unasema zaidi ya ulichopanga. Nikamwekea santuri mezani nikamwambia roho yangu haina amani na kitu hiki. Akauliza nani alikitengeneza.

Hapa nijisifu kidogo. Mjinga angesema ni mimi, akatengwa na kanisa, mke wake akanuna mwaka mzima. Mimi nikasema ni Kinyozi. Aliyetunga ni Kinyozi, aliyepotosha gitaa ni Kinyozi, aliyewarubuni akina mama wa kwaya wakaja kuimba ni Kinyozi. Mimi nilipiga magoti nikamsihi aache, akanicheka. Machozi yalinitoka kwelikweli. Sikujua kama mtu anaweza kuumia hivyo kwa jambo ambalo halikutokea.

Mchungaji akatazama jalada. Jalada letu ni la rangi zinazoyeyuka, na mitungi sita yenye nyuso. Akasema mtungi wa kwanza unafanana nami. Nikamwonyesha kwamba ule una macho matatu.

Akasema hawezi kuhukumu asichokisikia. Nikamletea mashine ya kupigia santuri kutoka kibandani kwangu. Mimi ni fundi redio. Ni kazi nzuri, ina utulivu mwingi. Wateja huingia mara mojamoja, kuulizia kwa Kinyozi ni wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita nyuma ya nyumba ya Mchungaji, kwa bahati tu, asubuhi, mchana na jioni. Kila nikipita ni Yona. Si wimbo mzima, ni mwisho wake. Unaisha, sindano inarudishwa, unaisha tena. Anakusanya ushahidi. Nilijua ni mtu makini.

Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Nikamuuliza kama mzee amekasirika. Akasema hajui amekuwaje, hajala tangu jana, na ukimsemesha anainua kidole unyamaze.

Hasira ya aina hiyo haipatikani hivihivi. Nimekula chakula cha jioni mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Mambo yamekwenda vizuri sana, isipokuwa moja.

Mchungaji alituma mtu kuuliza kama santuri za namna ile zipo nyingine. Nikajibu ndiyo, Kinyozi alizificha, na mimi kama muumini nitazifichua. Nikamwita msukuma mkokoteni nikamwonyesha boksi moja la mbele, lililoloana, ndilo la kuchomwa. Yale mazuri angeyapeleka stoo kwa Kinyozi baadaye. Kisha nikatoka kwenda kununua mafuta ya taa, nisije nikaaibishwa na moto hafifu.

Niliporudi, chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiwa, kimedekiwa, na kitanda kimeshatandikwa. Nikauliza maboksi. Mke wangu akasema, baba watoto, kumbe ukiamua unaweza. Alimwona msukuma mkokoteni anabeba kiboksi kimoja, akamwita arudi, akamwambia abebe yote mpaka la mwisho, yote kanisani. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu harusi yetu. Harusini penyewe sina hakika.

Nikakimbia kanisani na dumu la mafuta mkononi. Mzee wa kanisa alikuwa ameshayafungia ofisini. Nikasema kuna makosa, nayataka mengine. Akauliza kwani ni yako. Nikahamishia dumu mkono wa pili. Akaniuliza tena, sasa akitazama dumu. Nikasema hapana, si yangu.

Basi. Yataungua yote. Lakini nimefikiri: santuri ikishatoweka duniani, thamani yake haina kipimo. Kwangu nimebakiza moja, chini ya godoro.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Mabegi mawili na kuku mmoja. Amekikagua chumba, amebonyeza kitanda, akasema kumbe mkwe ana nafasi, alikuwa akiificha tu.

Mtu wa plastiki naye alipita na mizani yake. Mke wangu akamwambia amechelewa, akampa beseni lililopasuka asiende mikono mitupu.

Kinyozi kapita jioni, uso umemshuka. Ameitwa aje kanisani kesho akae kiti cha mbele. Akaniuliza, Kiongozi, unajua ni kwa nini? Nikasema labda ni kiduku. Nilimwonea huruma kidogo. Vita haikosi majeruhi.

Jumapili, 9 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Kanisa lilijaa. Nilikaa nyuma karibu na mlango, ili moto ukiwashwa niwahi mahali pazuri. Mke wangu kulia, mama mkwe kushoto. Mashine yangu ilikuwa juu ya meza mbele, imeunganishwa na spika.

Mchungaji akasema ameletewa kitu ili akihukumu. Nikaitikia amina kwa sauti. Akaweka sindano mwishoni mwa Yona.

Mwisho wa Yona ni hivi. Gitaa linapiga kelele, linachoka, linanyamaza. Ngoma zinanyamaza. Kwaya inanyamaza. Ila kuna mama mmoja, mwenye sauti nene, hakuona ishara, akaendelea kuimba peke yake mpaka alipotosheka. Namkumbuka. Ndiye aliyeniambia nipunguze gitaa, maana Mungu si kiziwi. Nilitaka sehemu ile ikatwe. Kinyozi alikataa, akasema afadhali tukate gitaa langu. Tuligombana wiki nzima.

Mchungaji akainua sindano. Akasema huyo ni mama yake. Alifariki yeye akiwa bado yuko shule ya msingi. Nyumbani kwao ilibaki picha moja iliyofifia, lakini sauti hapakuwa na pa kuisikia, na kwa miaka mingi amejaribu kuikumbuka ikawa inamponyoka. Akasema, kumbe muda wote huu mama alikuwa tumboni mwa samaki, anaimba.

Nilitoa leso. Kanisa lile lina vumbi.

Kisha akamwita Kinyozi mbele. Akamkumbatia. Watu wakasimama kupiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Maskini Kinyozi akajinasua. Akasema jamani, mimi nilipiga ngoma tu, aliyetunga na kuongoza yuko kule nyuma, anajifuta uso.

Kanisa zima likageuka. Nikarekebisha koti. Nikainuka nusu.

Mchungaji akatabasamu, akasema ndugu yetu huyu ana unyenyekevu wa ajabu, anataka kugawa heshima yake hata kwa asiyestahili. Maana ndugu wa kule nyuma alimweleza kwa kinywa chake, kwa machozi, kwamba alipiga magoti wimbo huu usirekodiwe. Lakini tumsamehe, akasema. Wote wakanitazama kwa msamaha. Sijawahi kutazamwa na kitu kizito kama kile. Nikarudi kukaa nusu niliyoinuka.

Mama mkwe akasonya. Mke wangu akanong'ona, hivi ulimwambia ni Kinyozi? Nikasema ni jambo refu. Akasema hapana, ni fupi sana.

Mlangoni santuri ziligawiwa bure, kila nyumba yake. Maboksi yote yakaisha. Waliochelewa walikuwa wanalalamika. Mama mkwe alipewa mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Mtaa mzima unaimba Yona. Muuza maji anaimba Yona. Watoto wanaigiza gitaa langu kwa midomo, na wanalipatia. Wanauita "wimbo wa Kinyozi".

Nimekaa kibandani nitafakari, lakini siachwi. Tangu asubuhi watu wanagonga. Kila mtu ana santuri na hana pa kuipigia, basi wanafukua mashine za marehemu babu zao, zimekatika waya, zimeliwa na panya, wanazileta kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyezivunja. Foleni imefika kwa Kinyozi, imechanganyikana na ya viduku. Makelele matupu. Nimebandika karatasi mlangoni: NIMEFUNGA, NIKO KWENYE UTUNZI. Mama mkwe amekuja akaibandua, amevuta kigoda pale nje, anapokea mashine moja moja na kuzipanga chumbani kwake. Amesema mkwe ni wa kuombewa.

Nimeshaona nilipokosea. Mtu haheshimiki kwa kushtaki, anaheshimika kwa kushtakiwa. Ushahidi ni Kinyozi. Kwa hiyo nimekwenda kwake, nikamwomba aende kwa Mchungaji anishtaki mimi kuhusu albamu ya pili. Akauliza albamu gani ya pili. Nikasema asubiri. Akasema, Kiongozi, kukushtaki sitakataa, hilo nimelingojea tangu ile wiki ya kugombana.

Majalada nimeshaagiza, elfu mbili safari hii. Yatafika Jumamosi. Kwenye mtungi wa kwanza nimesisitiza wachore macho mawili tu.