Vita vya Kioko na Santuri ya Mama Mkwe

Habari hizi nilizipata kwa Kendi, mke wa mjukuu wangu, Jumapili iliyopita kwa simu, nikiwa nimetoka kanisani na hata viatu sijavua. Alicheka mpaka nikamwambia, mama, cheka umalize ndipo uniambie, mimi nipo. Akamaliza. Akaniambia. Nami nawaambia kama nilivyoambiwa, nikiongeza chumvi palipopwaya tu.

Sogeeni basi, enyi mnaochambua mchele na enyi mnaojifanya mnachambua. Zimeni redio, mtulizeni huyo mtoto. Nitakalowasimulia ni vita vilivyopiganwa Ijumaa mchana huko Al Wukair, nje ya Doha, baina ya mwanamume mwenye ndevu na mashine isiyozidi sinia la pilau kwa upana. Wako wafalme waliopoteza nchi zao kwa jasho pungufu ya lile.

Shujaa ni Kioko wangu, Kioko Mwenye Funguo, jemadari wa walinzi kumi na mmoja katika jumba refu kule The Pearl, yeye afunguliaye matajiri mlango na kuwajua mbwa wao kwa majina. Mpangaji mmoja alipokuwa akihama alimwachia mashine ya kuchezea santuri, akamwambia chukua, mimi sina nafasi nayo. Kioko akaibeba kwapani hadi nyumbani kama aliyeteka bendera ya adui. Na nyumbani jeshi lilikuwa tayari linamngoja: ile mitambo ya sinema ya nyumbani, amplifaya moja, spika tano na wufa, lile sanduku la besi, la kukalia watu wawili, ambayo helikopta ikipita kwenye filamu wageni huinama.

Mitambo alikuwa nayo. Mdomo pia alikuwa nao, maana shujaa asiye na mdomo nani atamjua? Mama mkwe wake, Bi Miriam wa Nkubu, alipokuwa akijiandaa kwenda kuwatembelea, aliuliza kwenye simu kama huko Qatar kuna mtu mwenye mashine ya santuri. Kioko akadakia kutoka upande wa pili wa chumba, akanena: "Kendi, mwambie Mama aibebe santuri yake asiogope. Hapa kwetu atasikia mpaka waimbaji wakivuta pumzi."

Santuri yenyewe ni ndogo, wimbo mmoja kila upande. Iliimbwa na kwaya ya wasichana ishirini na wawili, zamani, Bi Miriam akiwa mmoja wao, mwenye miaka kumi na saba. Aliyeanzisha wimbo ni dada yake, Velma. Huyo Velma alifariki kabla simu hazijajifunza kunasa sauti za watu. Picha zake zipo tatu, moja amefumba macho. Sauti yake ipo kwenye ile santuri, haipo mahali pengine popote duniani, na gramafoni ya nyumbani ilikufa miaka ishirini iliyopita. Bi Miriam aliifunga ndani ya sweta, akaipakata kutoka Nairobi hadi Doha, na mhudumu wa ndege alipomwomba aiweke juu alimtazama tu mpaka yule msichana akaenda kumwuliza mtu mwingine maji au chai.

Wiki tatu zikapita. Kila siku jemadari alisema kesho. Sasa ilikuwa Ijumaa, na ndege ya Bi Miriam ilikuwa ya Jumamosi alfajiri. Kesho zilikuwa zimeisha.

Baada ya chapati, Bi Miriam akaketi kwenye kile kiti kikubwa kinachotazama televisheni, santuri magotini, mikono juu yake. Kioko akasimama mbele ya kabati la televisheni, akakunja mikono ya shati, akahutubia.

"Kendi," alisema, "mjulishe Mama kwamba saa imefika. Sauti iliyolala miaka na miaka itaamka leo, katika nyumba hii, kwa mkono wangu."

"Kendi," alisema Bi Miriam, aliyekuwa hatua tatu kutoka kwake, "mwambie nimesikia. Hiyo hotuba naijua, ndiyo ya Jumanne."

Hapo mjue jambo moja. Kwetu Ukambani mwanamume na mama mkwe wake wana heshima baina yao, hawasemezani ovyo, hupitisha maneno kwa mtu wa tatu, na kwa vyovyote vile mwanamume hamgeuzii mama mkwe makalio. Awe amevaa jinzi, awe amevaa kanzu, ni yaleyale. Mimi ndiye niliyemfundisha Kioko hivyo akiwa mdogo, na sijutii. Lakini sikujua kwamba siku moja atakuwa na mashine iliyoingizwa kwenye rafu ya chini kabisa ya kabati, kwa sababu nyaya zake ni fupi, na kwamba ili kuiona kwa nyuma sharti mtu apige magoti, aingize kichwa ndani, na aache nje kile kilichobaki.

Na ile sebule ni ndogo. Ukiinama ukiangalia dirisha, unamlenga Mama. Ukizunguka upande wa mlango, unamlenga Mama kwa pembeni, na hiyo ni mbaya zaidi.

Basi Kioko Mwenye Funguo alipigana kinyumenyume. Alimpa adui mgongo, akamkabili mama mkwe kwa adabu, uso mkavu, macho kwenye dari, na mkono mmoja nyuma ukipapasa ndani ya kabati kama mwizi wa mayai. Alichomeka waya mwekundu kwa kupapasa. Alichomeka mweupe kwa kupapasa. Akatabasamu kwa heshima. Jasho likamshuka mpaka kidevuni, na hali kiyoyozi kilikuwa kinavuma.

"Anaumwa mgongo?" Bi Miriam aliuliza.

"Hapana, Mama," alisema Kendi. "Anaunganisha."

Santuri ikawekwa. Ikazunguka. Sindano ikashushwa, taratibu, kwa vidole viwili, mashujaa hutua hivyo. Na kutoka kwenye spika tano na lile wufa, watu wangu, ikatoka sauti ya mbu. Kwaya nzima ya wasichana ishirini na wawili ilikuwa inaimba ndani ya kiberiti, na kiberiti kimefunikwa blanketi.

Kioko akaongeza sauti. Akaongeza tena. Akafika mwisho wa namba zote, na kwaya haikuongezeka kitu, isipokuwa mngurumo mzito ulianza kutoka kwenye wufa na vijiko vikatetemeka ndani ya vikombe.

Ndipo akaingia Fabian, jirani wa mlango wa pili, dereva wa basi la wafanyakazi, kijana wa Busia ambaye harufu ya chapati humfikia hata akiwa barabarani Al Wakrah. Alisimama mlangoni akasikiliza.

"Jemadari," alisema, "hiyo ni friji mmenunua?"

"Ni kwaya," alisema Kioko, mkono bado nyuma.

"Kwaya ya friji. Sawa. Shikamoo Mama." Akaketi, akavuta sahani. "Na mbona umesimama hivyo, kama umeshikwa na polisi?"

"Fabian, kula."

"Nakula. Nauliza tu kama jirani mwema."

Jemadari akaitisha baraza la vita. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba sindano imeisha makali, haiumi vya kutosha. Akatoa sarafu ya dirhamu hamsini mfukoni, akasema ataiweka juu ya ule mkono wa mashine ili ukandamize.

Bi Miriam hakuinua sauti. "Kendi, mwambie mume wako asiweke chuma juu ya dada yangu."

Sarafu ikarudi mfukoni upesi kuliko ilivyotoka.

Hoja ya pili ilikuwa ya Fabian, kwamba santuri yenyewe imezeeka, sauti imeyeyukia huko Meru. Aliisema huku akitafuna. Alipoona jinsi Bi Miriam alivyomtazama akaacha kutafuna, akasema labda yeye haelewi mambo ya santuri, yeye ni mtu wa basi.

Kioko akachomoa nyaya, akazichomeka tena, kwa kupapasa. Akabadilisha tundu. Spika zikanyamaza kabisa. Akarudisha. Mbu akarudi. Saa nzima ikaenda hivyo, na nusu saa nyingine ikafuata. Kendi, aliyekuwa na zamu ya usiku kule kliniki na alipaswa awe amelala tangu saa sita, alimwita mumewe jikoni.

"Baba," alimwambia, "kwa nini usiiname tu kama watu?"

"Mbele ya Mama?"

"Nimwombe aingie chumbani kidogo."

"Mwombe."

Kendi akaenda akamwomba. Jibu likasikika mpaka jikoni. "Nimetoka Nkubu nimekaa na hii santuri magotini. Nikiingia chumbani ndipo itaimba, nikitoka imekwisha. Naijua bahati yangu. Siondoki kwenye kiti hiki."

Kioko akarudi uwanjani. Sasa hakuwa na hotuba. Akachukua nafasi yake ileile, uso mbele, mkono nyuma, akapapasa, na safari hii alipapasa bila kujua anatafuta nini. Fabian mwenyewe aliacha mzaha akaangalia sakafu. Bi Miriam alimtazama Kioko muda mrefu: shati limemlowa, shingo imekakamaa, kiwiko kimechubuka kwenye ubao wa kabati, na bado hajageuka. Alitazama kabati. Alitazama kiti chake. Kisha akaelewa.

Akainuka. Akaishika hewa kana kwamba ni santuri, maana ile yenyewe ilikuwa kwenye mashine na mikono yake haikuzoea kuwa mitupu. Akakishika kiti kile kizito kwa mikono hiyohiyo, akakiburura kwa kelele, akakizungusha mpaka kikatazama ukuta wa jikoni, ule wenye kalenda ya duka la mchele. Akaketi, akaitazama kalenda.

"Kendi," alisema, "mwambie huyo mtoto wa watu kwamba mimi niko hapa nasoma tarehe. Sina macho kisogoni. Afanye kazi."

Haya sasa, wenye masikio. Jemadari wa The Pearl alipiga magoti. Aliwasha tochi ya simu, akaing'ata kwa meno. Aliingiza kichwa katika pango la rafu ya chini, kati ya vumbi la miaka mitatu na soksi iliyopotea tangu Ramadhani, na kwa mara ya kwanza katika wiki zote tatu akaiona mashine yake kwa nyuma. Na hapo, chini ya yale matundu mawili ya nyaya, palikuwa na swichi. Haikuzidi punje ya mchele. Upande mmoja iliandikwa PHONO, upande wa pili LINE. Ilikuwa imelala upande wa kwanza, ule unaotoa sauti changa isiyokuzwa, imetulia, bila aibu.

"Kuna kaswichi," ilisema sauti ya Kioko kutoka ndani.

"Kanasema nini?" aliuliza Fabian.

"Kanasema mimi ni mjinga. Kendi, nipe pini."

Kendi akachomoa pini ya nywele kichwani mwake, silaha ya vita ile, akampa kwa chini. Kioko akaipokea, akairudisha sindano mwanzo wa wimbo, akalenga, akasukuma. Swichi ikavuka. Ni mwendo wa upana wa ukucha.

Lakini katika machungu yake jemadari alikuwa amesahau jambo moja, nalo ni kwamba sauti ya amplifaya alikuwa ameiacha mwisho wa namba zote.

Velma akatoka.

Akatoka kwenye spika tano na wufa kwa pamoja, akaanzisha wimbo, na nyuma yake wasichana ishirini na mmoja wakajibu kwa nguvu zote za ujana wao na za umeme wa Al Wukair. Dirisha likalia. Fabian akamwaga chai kwenye suruali. Kalenda ikadondoka ukutani. Kioko akagonga kichwa ndani ya rafu akabaki humohumo. Mpangaji wa nyuma ya ukuta akaanza kugonga kwa kiatu, na Kendi akaruka juu ya miguu ya mumewe kutafuta kitufe cha kupunguza.

"Acha," alisema Bi Miriam, bila kugeuka. "Velma hakuwahi kuimba polepole."

Kendi akaacha, kwa mstari mmoja mzima. Kisha akapunguza kidogo, kwa ajili ya yule wa kiatu.

Katika ubeti wa pili sauti moja iliingia peke yake, kabla ya zote, ikasita, ikasubiriwa. Bi Miriam akacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mnasikia? Ameingia mapema. Mwalimu alitaka turudie tangu mwanzo, Velma akamwambia sisi tumechoka na tuna njaa. Ndivyo ilivyobaki." Akaikunja ile leso. "Nilikuwa nimeisahau hiyo. Sauti nilidhani naikumbuka. Sikuwa naikumbuka, nilikuwa nimeitunga."

Wimbo ukaisha. Kioko alikuwa ameketi sakafuni, vumbi kwenye nyusi, nundu ikiota kwenye paji. Alikuwa anamngoja Kendi amletee neno. Lakini Bi Miriam aligeuza kichwa chake mwenyewe, akamtazama moja kwa moja.

"Kioko," alisema. "Irudishe mwanzo."

Na iandikwe basi, katika vitabu vya vita na vya amani, kwamba siku hiyo mwana wa watu alisukuma swichi ya upana wa punje, na wafu wakaimba. Wengine hujengewa sanamu kwa kazi nyepesi kuliko ile. Yeye alipewa chapati mbili zilizokuwa zimefichwa Fabian asizione.

Ile mashine haijirudishi yenyewe. Wimbo ni wa dakika tatu, na kila dakika tatu jemadari aliinuka, akauinua mkono, akaurudisha mwanzo. Mara ya nne Fabian aliaga, akatoka amejifunika suruali kwa sahani. Mara ya sita Kendi alilala kwenye mkeka, pini mkononi, zamu yake ikimngoja saa moja jioni. Mara ya nane Bi Miriam, aliyekuwa akiimba sauti ya pili kwa chini, aliacha katikati ya mstari, kidevu kikashuka kifuani.

Kioko aliirudisha tena hata hivyo, akapunguza sauti, akajilaza ubavu karibu na wufa ili aamke wimbo ukiisha. Ukaisha. Sindano ikabaki ikikwaruza kwenye mfereji wa mwisho, chwi, chwi, chwi, na hapakuwa na aliye macho wa kuiinua.