Mbegu ya Dizeli Kwenye Chupa

Injinia, ambaye hakuwahi kusomea uinjinia wala kuukaribia, aliona neema siku alipochungulia pipa la maji nyuma ya chumba alichopanga. Lilikuwa limeota utando wa kijani. Mtu mwingine angetafuta brashi. Yeye alitafuta chupa mia moja.

Alhamisi akasimama uani mbele ya umati.

"Huu ni mwani," alisema kwa sauti ya msibani. "Ukikamuliwa unatoa dizeli. Nunua chupa ya mbegu, mimina kwenye maji, weka juani, basi. Ukivuna, kila ndoo nainunua mimi, kwa bei ileile ya chupa."

"Na ukitukimbia?" aliuliza muuza magodoro.

"Ndugu yangu, niikimbie dizeli niende wapi?"

Watu wakacheka, na mtu akishacheka, mkono huwa umeshafika mfukoni. Chupa zikaisha. Mwani huchukua wiki kadhaa kujaza ndoo, na basi la Injinia lilikuwa linaondoka Jumamosi mchana. Mkewe alikuwa amemwambia wazi: safari hii arudi na pikipiki au asirudi kabisa. Injinia alimpenda mwanamke yule, na alimwogopa, na hakujua kipi kilizidi.

Jumamosi asubuhi, akifunga begi, alisikia lori. Likashushwa pipa, na lingine, mpaka yakatimia kumi. Mbele yalisimama mabuti ya mpira, na ndani ya mabuti mama mmoja mwenye mikono ya kazi. Wanunuzi wote wa chupa walikuwa wamelifuata lori kwa miguu.

"Mwanangu, nimevuna. Ndoo mia moja."

"Kwa siku mbili, mama?"

"Mimi naosha matangi ya maji. Ya shule, ya magorofa. Utando nilikuwa nautupa mtaroni miaka yote, kumbe natupa dizeli. Mungu akubariki."

Injinia aliuchunguza uso ule akitafuta kejeli, asiione.

"Mlipe mama, tuone," alisema muuza magodoro, aliyekwishaegemea lango.

Injinia akajipa moyo: wakiona nalipa, watagombania chupa. Akalipa mpaka begi likawa jepesi. Ndoo ya mwisho ilikwenda na nauli.

"Haya, nani anataka mbegu nyingine?"

Ua ulikuwa mtupu; wanunuzi wote walikuwa wamekimbilia kutafuta ngazi za kupandia matangi.

Waliobaki ni yule mama na mwenye nyumba, aliyeziba pua. "Uozo huu utoke sasa hivi, au naita polisi."

Injinia akamgeukia yule mama. "Mama yangu, nisaidie kuyaondoa."

"Naondoa, ndiyo kazi yangu. Ila natoza."

"Sina hata senti."

Mama akamtazama kuanzia mabega hadi miguu, bila kucheka. "Nina matangi tisa wiki hii. Wewe ni mwembamba, utapita mdomoni."

Basi la mchana lilipopita, Injinia alikuwa ndani ya tangi la shule, magoti yamelowa, akisugua. Alikuwa akitunga cha kumwambia mkewe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake uongo ulikataa kuja.