Kunguni Mwenye Jina la Maman Antoinette

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimegundua mdudu. Naogopa.

Alinidandia begani asubuhi nilipopita Greyville, hapa Durban, kwenye kile kichaka cha lantana kando ya uzio wa uwanja wa farasi. Akaangukia bodi ya simu niliyokuwa nikiichomelea. Nilipomshika kwa kibano na kumtazama kwenye hadubini nilikaribia kupiga kelele. Mabawa yote ni vyumba vidogo vidogo vya kioo, kama lesi ya wigi. Ana kikofia shingoni, na nyuma yake matuta matatu. Mtandao unasema ni kunguni-lesi, jenasi Teleonemia, na kwamba jenasi nzima ina vipapasio vya vipande vinne. Huyu ana vitatu. Nimehesabu mpaka macho yakatoa machozi. Vitatu! Spishi mpya, na mgunduzi ni mimi, Peguy wa Bukavu, fundi simu.

Hofu yangu ni hii. Mdudu huyu ni ndugu wa mbali wa kunguni wa kitanda. Na Maman Antoinette, mwenye saluni, alitangaza mwezi uliopita kwamba atakayemletea kunguni ataondoka siku hiyo hiyo. Kona yangu ya simu imo ndani ya saluni yake. Sina kona nyingine Durban nzima.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi uzioni nikajaza kopo. Kila ninayemshika kwa kibano na kumlaza chini ya hadubini ana vipande vitatu. Kabila zima. Ushahidi gani tena?

Vénérand akanichungulia. Huyu ni Mrundi mwenye meza ya simu nje, koridoni. Ameshaniibia wateja, atashindwa kuniibia mdudu? Nikamwambia ni maikrofoni za simu za kisasa. Akasema sharp, yaani sawa, nimwachie mbili. Sasa namsikiliza kila anapokohoa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa ya hofu. Anayegundua ndiye anayetoa jina. Nitamwita Teleonemia antoinettae.

Kwetu, ukimpa mtu ndoyi, mtoto wa kubeba jina lake, umemfunga. Ndoyi hafukuzwi. Anaenziwa, na aliyemleta naye anaenziwa. Mjomba wangu alimpa mwanawe jina la mwenye nyumba na hakusumbuliwa tena mpaka alipohama mwenyewe. Siku Maman akiwaona kunguni, atakuta ni wajina wake.

Kasoro moja: lazima nimwambie kabla hajawaona. Nilimwendea. Akainua macho. Nikamwuliza kama anataka chai.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Sikukaza kifuniko cha kopo. Mmoja alipanda shingoni kwa mteja, mteja akaruka kitini na kichwa kimesukwa nusu. Maman akaja na ufagio.

“Peguy, iko nini hii? Iko kunguni?”

Nikamwaga yote mbele ya wateja, bila kupumua: kwamba huyu ni ndoyi wake, kwamba dunia nzima italisoma jina lake. Maman akauliza polepole kama machoni pangu yeye amefanana na kunguni.

Nikamwonyesha hadubini. Alitazama kwa muda mrefu, ufagio ungali mkononi, kisha akasema kumbe mtoto amevaa vizuri. Akampigia dada yake Lubumbashi kumtangazia ndoyi. Mchana nililetewa sahani ya kuku na pondu, yale majani ya muhogo ya kwetu, nikaila huku nikiuangalia ufagio.

Ijumaa, 7 Machi

Akina mama wa kanisa wamekuja kumwona ndoyi, wamevaa vitenge vya Jumapili. Maman, kwa fahari, akamwita pia Ghislaine, mpwa wa Vénérand, anayesomea wadudu chuo kikuu.

Ghislaine alimtazama mdudu, halafu akakitazama kibano changu. Kibano cha fundi simu kina utomvu wa kuchomelea, na utomvu ule unanata. Ncha zake zilijaa vipande vya nne, vifupi, vyenye nywele. Ni mimi niliyekuwa nikiving'oa kila nilipowashika. Akamwinua mwingine kwa brashi laini. Vinne.

Akaeleza kwamba spishi hii ina jina lake tangu zamani, na kwamba ililetwa nchi hii makusudi ili itafune gugu la lantana. Si kunguni wa kitanda, hana shida na mtu, na ni mhamiaji kama sisi. Nikashusha pumzi. Nilidhani kona yangu imepona.

Maman hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Alisema kwa kunguni angenisamehe. Lakini mtu hapewi ndoyi mbele ya kanisa kisha akanyang'anywa. Yeye amwambie nini dada yake wa Lubumbashi? Akageuka akaendelea kusuka. Nilifungasha hadubini. Nilijizuia kulia mpaka mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Vénérand amenipisha nusu ya meza yake. Hakuniuliza kitu. Maikrofoni zenyewe hakuzitaja. Wema huu unanitisha. Akiamka kesho na moyo mwingine, nitakwenda wapi? Lazima nimfunge kwa ndoyi.

Nimepita uzioni. Chini ya jani nimekuta mnyama mwingine kabisa: mweusi, hana mabawa, hana lesi, mwili mzima miiba. Nimemchukua kwa brashi, maana mimi si mjinga. Nilimtumia Ghislaine picha, naye ameniandikia kwamba watoto wa mdudu yuleyule ndivyo walivyo kabla hawajakomaa. Sijamjibu. Wasomi wana wivu. Hii si spishi tu, ni jenasi mpya nzima. Nitaiita Venerandia.

Nilikusudia kungoja nihakikishe. Lakini Vénérand aliponisogezea kiti hofu ikanishika, nikamwambia. Alijifuta macho, akampigia mama yake Bujumbura.